Sherehe Iliyotengwa na Matini: Kupotea kwa Nyongeza katika Filamu za Nyumbani

Neno sherehe lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza, inayojulikana na kila mtu, ni shangwe na karamu. Ya pili, ambayo imebaki zaidi mikononi mwa walimu na wahariri, ni maelezo yanayoandamana na matini ili kuifungua: maana ya maneno magumu, tukio lililomfanya mshairi atunge, jina la mtu aliyekusudiwa kwa fumbo. Mwanafunzi wa sekondari huijua sherehe ya aina hii katika kurasa za mwisho za diwani. Mwanachuoni wa pwani huijua katika vitabu vya dini ambamo maneno ya mfafanuzi hulizunguka andiko la asili pande zote, hata pengine andiko lenyewe likabakiwa na nafasi ndogo tu katikati ya ukurasa. Maana hizi mbili hazina budi kutenganishwa tangu mwanzo, kwa sababu mjadala kuhusu nyongeza za filamu umevurugwa na watu wanaoziona nyongeza hizo kuwa sherehe kwa maana ya kwanza tu.

Nyongeza zinazokusudiwa hapa ni zile zilizowekwa pamoja na filamu katika diski zilizouzwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani: sauti ya mwongozaji au mhakiki ikizungumza juu ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho, sehemu zilizokatwa, matoleo mengine ya filamu ile ile, mahojiano, michoro, na vijitabu vya makala. Desturi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1980, ikastawi sana kati ya mwaka 1997 na 2008 hivi, na tangu hapo imekuwa ikififia pole pole, pasipo tangazo wala maombolezo. Filamu nyingi zinazotolewa leo humfikia mtazamaji zikiwa tupu. Hapana shaka kwamba wapenzi wa filamu wamelalamika. Lakini wamelalamika kama wanunuzi waliopunjwa bidhaa. Makala haya yanadai kwamba hasara iliyopatikana ni ya namna nyingine: kilichopotea ni mahali ambapo uhakiki wa filamu ulikaa pamoja na filamu yenyewe, na kwa hiyo ulikuwa na uwezo wa kuipinga.

Mwanzo wa fani hii unajulikana kwa uhakika usio wa kawaida katika historia ya fani. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion, iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa Marekani, ilitoa filamu mbili kongwe za studio ya RKO, yaani Citizen Kane ya mwaka 1941 na King Kong ya mwaka 1933, katika umbo la LaserDisc. Hiyo ilikuwa diski pana yenye kipenyo cha inchi 12, ukubwa sawa na ule wa santuri ya muziki, nayo ilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja. Katika nafasi moja iliwekwa sauti ya filamu. Katika nafasi iliyobaki, kwa upande wa King Kong, aliwekwa mtu akizungumza. Mtu huyo alikuwa Ronald Haver, msimamizi wa filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles County, mtafiti aliyekuwa amekwisha kuandika juu ya historia ya Hollywood na kushughulikia urejeshaji wa filamu ya A Star Is Born ya mwaka 1954. Haver hakuigiza wala hakuongoza chochote katika King Kong. Alikuwa msomaji wa filamu ile, na alichokifanya kilikuwa kile kile afanyacho mwalimu anaposimama mbele ya darasa na kusoma ubeti, akasita, akaeleza, akaendelea. Tofauti ni kwamba matini yake haikusita kumsubiri. Ilimbidi aseme jambo la picha fulani kabla picha hiyo haijapita.

Sharti hilo la wakati lafaa kutiliwa mkazo, maana ndilo lililoipa fani hii umbo lake. Mhakiki anayeandika kitabu huchagua sehemu zinazomfaa na kuziacha zinazomsumbua. Mfafanuzi wa sauti hana uhuru huo. Filamu inampitisha katika kila tukio, la maana na lisilo na maana, na anyamazapo kimya chake husikika. Ndiyo sababu wafafanuzi wavivu huumbuka upesi: wako waongozaji na waigizaji mashuhuri ambao wamekaa mbele ya kipaza sauti kwa saa mbili wakisimulia tu kile ambacho mtazamaji anakiona kwa macho yake, au wakiwasifu wenzao mmoja baada ya mwingine. Kinyume chao yuko Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago, ambaye katika toleo la DVD la Citizen Kane la mwaka 2001 anamwonyesha mtazamaji, picha baada ya picha, jinsi mambo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kawaida katika filamu ile yalivyotengenezwa kwa hila. Kadhalika Donald Richie, aliyeishi Japani kwa miongo mingi, alifafanua Rashomon ya Kurosawa kwa ajili ya watazamaji wasiojua lugha wala ada za nchi ile. Tafsiri iandikwayo chini ya picha haina nafasi ya kueleza kwa nini mhusika ametumia neno hili badala ya lile. Sauti ya pili inayo.

DVD ilipoingia Marekani mwaka 1997 ilieneza jambo lililokuwa hadi hapo anasa ya wachache. Kanuni zake ziliruhusu njia nane za sauti na njia thelathini na mbili za maandishi katika diski moja, na studio zikagundua kwamba mtu aliyekuwa na kanda ya video ya filamu fulani angeweza kushawishiwa kuinunua tena iwapo toleo jipya lingekuwa na kitu ambacho kanda haikuwa nacho. Kufikia mwaka 2002 filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings iliuzwa katika toleo refu la diski nne lenye sherehe nne za sauti: ya mwongozaji na waandishi, ya wasanifu, ya wahariri na mafundi wengine, na ya waigizaji. Sherehe nne juu ya matini moja! Wafafanuzi wa vitabu vya zamani wangeuelewa mpango huo pasipo kuelezwa.

Hata hivyo ukweli usemwe. Sehemu kubwa ya nyongeza za miaka ile ilikuwa sherehe kwa maana ya karamu. Vipindi vifupi vya “jinsi filamu ilivyotengenezwa” mara nyingi vilikuwa matangazo yaliyorefushwa, ambamo kila mwigizaji alikuwa mtu mwema wa kufanya naye kazi na kila mwongozaji alikuwa na maono. Kupotea kwa vipindi hivyo hakumpunguzii mhakiki kitu. Wanaosema kwamba nyongeza zilikuwa biashara tu wana haki kwa kadiri hiyo. Wanakosea wanapohukumu kundi zima kwa wanachama wake hafifu, jambo ambalo mtu hangelifanya kwa diwani ya mashairi.

Mfano ulio bora wa kupima thamani ya kundi hili ni The Limey, filamu ya Steven Soderbergh ya mwaka 1999. Kisa chake ni chepesi: Mwingereza aitwaye Wilson, aliyetoka gerezani, anakwenda Los Angeles kuchunguza kifo cha bintiye. Lakini filamu imekatwakatwa na kuunganishwa upya hivi kwamba mazungumzo yanaanza mahali pamoja na kumalizika mahali pengine, na ujana wa Wilson unaonyeshwa kwa vipande vya filamu nyingine, Poor Cow ya Ken Loach ya mwaka 1967, ambayo Terence Stamp aliigiza akiwa kijana. Katika DVD ya filamu hii wanazungumza Soderbergh na Lem Dobbs, mwandishi wa mswada. Hawapongezani. Dobbs analalamika waziwazi kwamba mwongozaji ameyatupa mambo aliyoyaandika kuhusu maisha ya nyuma ya wahusika na kuhusu jamii iliyowazaa, na kwamba kilichobaki ni mifupa iliyopambwa kwa ufundi wa uhariri. Soderbergh anajitetea, mara nyingine anakubali. Wakati wote filamu inaendelea kupita mbele ya macho ya msikilizaji, naye anaweza kuamua mwenyewe ni nani aliye na haki katika tukio lile lile linalobishaniwa.

Ubishi huo ni nadra katika uhakiki wa sanaa yoyote. Fasihi ina wahariri waliopigana na waandishi, lakini ugomvi wao husomwa katika barua miaka mingi baada ya wote kufa, na aghalabu katika kitabu kingine. Hapa mwandishi na mwongozaji wanashindana ndani ya kazi yenyewe, pale ambapo kila hoja inaweza kupimwa papo hapo. Aidha unatoa jibu kwa wale wanaohofu kwamba sherehe ya sauti humpa mtunzi mamlaka ya kuifunga maana. Mtunzi anayesikika akipingwa na mtunzi mwenzake hana mamlaka hayo. Msikilizaji hutoka na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Mfano wa pili unahusu matoleo. Filamu ya Terry Gilliam iitwayo Brazil, ya mwaka 1985, ilikuwa na urefu wa dakika 142 katika toleo la mwongozaji. Mkuu wa Universal, Sid Sheinberg, hakuitaka jinsi ilivyokuwa. Alitaka iwe fupi na iishe kwa furaha. Gilliam alichapisha tangazo la ukurasa mzima katika jarida la Variety akimwuliza hadharani ataitoa lini filamu hiyo, na wahakiki wa Los Angeles wakaichagua kuwa filamu bora ya mwaka kabla haijaonyeshwa rasmi Marekani. Studio ikalegeza kamba. Lakini toleo la studio lilikuwa limekwisha kutengenezwa, la dakika 94, na baadaye lilionyeshwa katika televisheni. Katika toleo la Gilliam shujaa anaokoka ndani ya akili yake tu, huku mwili wake umefungwa katika kiti cha mateso. Katika toleo la studio mapenzi yanashinda kila kitu. Criterion ilipoitoa kazi hii, katika LaserDisc mwaka 1996 na DVD mwaka 1999, iliyaweka matoleo yote mawili katika kasha moja, kila moja na sherehe yake ya sauti, pamoja na filamu ya habari inayosimulia ugomvi wenyewe.

Mtu aliyefundishwa kulinganisha miswada ya tenzi atatambua mara moja kilichofanyika hapa. Huu ni uhariri wa kitaaluma: matini iliyoteuliwa, matini pinzani, na historia ya upokezi. Tena matini pinzani hapa haitokani na kosa la mnakili aliyesinzia. Inatokana na uamuzi wa mwenye fedha. Mwanafunzi anayelinganisha dakika 142 na dakika 94 hahitaji kuhubiriwa juu ya uhusiano wa mtaji na sanaa. Anauona ukifanya kazi kwa mkasi. Ajabu ni kwamba ushahidi huo ulichapishwa na kuuzwa na soko lile lile, na ndiyo sababu kulitegemea soko liutunze daima ulikuwa udhaifu uliokuwamo tangu mwanzo.

Sababu za kutoweka si za siri. Mauzo ya diski Marekani yalifika kileleni karibu mwaka 2005 na 2006, kisha yakaanza kushuka. Mwishoni mwa muongo ule baadhi ya studio zilianza kutoa aina mbili za diski: yenye nyongeza kwa mnunuzi, isiyo na nyongeza kwa mkodishaji. Kwa tendo hilo zilikiri kwamba zimeiona sherehe kuwa chambo. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilianza kutiririsha filamu kwa intaneti mwaka 2007, na ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023. Biashara ya kutiririsha haiuzi filamu. Inauza ruhusa ya mwezi mmoja ya kutazama chochote kilichomo. Katika biashara ya namna hiyo mtu anayeitazama filamu moja mara tatu, mara moja kwa sauti yake na mara mbili kwa sauti za wafafanuzi, haleti senti moja zaidi ya yule aliyeitazama nusu na kulala. Njia ya sauti ya pili haikushindikana kiufundi, kwa kuwa majukwaa hayo hayo hubeba sauti za lugha nyingi bila taabu. Imeachwa kwa sababu haina wa kumlipia.

Lilikuwapo jaribio moja la kinyume. FilmStruck, iliyofunguliwa Marekani Novemba 2016, ilitiririsha filamu za kale na za kigeni pamoja na nyingi ya nyongeza zake. Ilifungwa Novemba 2018. Criterion ilifungua jukwaa lake lenyewe Aprili 2019, na humo desturi bado inaishi. Lakini jukwaa hilo linapatikana Marekani na Canada peke yake.

Kizuizi hiki cha mipaka kinalileta suala hili Afrika, na kwa wanaisimu kinalileta mahali nyeti. Mwaka 2017 Criterion ilitoa diski ya filamu ya Sembène Ousmane ya mwaka 1966, La noire de…, kisa cha Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa Antibes kuwa mtumishi wa familia ya Kifaransa na kujiua huko. Filamu yenyewe ni ya takriban saa moja. Pamoja nayo iliwekwa Borom Sarret ya mwaka 1963, mahojiano na wataalamu wa kazi za Sembène, na filamu ya habari ya mwaka 1994 kuhusu Sembène iliyotengenezwa na Manthia Diawara na Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikuwa wakati ule akiishi uhamishoni Marekani. Kazi ya mtu aliyewahi kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kutetea lugha za Kiafrika, ikimhusu msanii aliyebadili lugha ya filamu zake kwa ajili ya hoja hiyo hiyo, iliwafikia wengi kama nyongeza ya diski, na hivyo ndivyo itakavyopotea kwao diski itakapopotea.

Suala lenyewe la lugha katika La noire de… linaonyesha vizuri haja ya sherehe. Mawazo ya Diouana husikika kwa Kifaransa fasaha, ingawa ni dhahiri kwamba msichana huyo hawazi kwa lugha hiyo. Sauti inayosikika si ya mwigizaji anayeonekana, Mbissine Thérèse Diop, bali ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji kutoka Haiti. Hayo yote mtu hawezi kuyajua kwa kuitazama filamu peke yake. Asiyeyajua anaweza kuandika kurasa nyingi juu ya “sauti ya ndani ya mwanamke wa Kiafrika” pasipo kufahamu kwamba sauti hiyo imeazimwa kutoka ng'ambo ya bahari, katika lugha ya bwana wake. Miaka miwili baadaye Sembène alitengeneza Mandabi kwa Kiwolofu, lakini aliipiga pia kwa Kifaransa. Kwa hiyo kazi inayotajwa daima kuwa nguzo ya filamu za lugha za Kiafrika ina ndugu pacha asiyezungumzwa sana. Hili nalo ni jambo la mhariri, na mahali pake ni kando ya matini.

Diski ya Marekani haikukusudiwa kusomwa na mashine ya Kenya. Wenye studio waliigawa dunia katika kanda, na sehemu kubwa ya Afrika ikawekwa katika kanda ya tano ya DVD, mbali na Marekani iliyo ya kwanza. Wala diski zilizoenea mitaani Nairobi, zile zilizobanwa filamu kumi au ishirini katika sahani moja, hazikubeba sherehe yoyote: kitu cha kwanza kutupwa ili nafasi ipatikane kilikuwa sauti ya pili. Kwa mtazamaji wa kawaida wa Afrika Mashariki, basi, nyongeza zilipotea kabla hazijafika.

Si kwamba sauti iliyowekwa juu ya filamu ni jambo geni kwake. Katika mabanda ya video ya Kenya, DJ Afro amesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake ziliuzwa kwa jina lake kuliko kwa majina ya waigizaji. Wasimulizi hawa wanastahili makala yao wenyewe. Hapa yatosha kusema kwamba kazi yao ni kinyume cha ile ya Haver kwa jambo moja na sawa nayo kwa jingine. Ni kinyume kwa kuwa wanaifunika sauti ya asili na kusimama badala yake, ilhali Haver huchukulia kwamba msikilizaji amekwisha kuitazama filamu na anarudi kuisoma. Ni sawa kwa kuwa wanajua filamu si kitu kilichokamilika mpaka pawe na mtu wa kusema nayo, kuikatiza, kuikejeli, na kumwambia mtazamaji kile ambacho picha haisemi. Hadhira iliyozoea hayo ingeipokea sherehe ya sauti ya kitaaluma kwa Kiswahili pasipo mshangao. Hakuna aliyeijaribu.

Imedaiwa, kwa hoja inayoelekea kuwa na nguvu, kwamba hakuna kilichopotea kwa kuwa mambo hayo yote sasa yanapatikana kwingine: mahojiano yako kwenye intaneti, wahakiki wana vipindi vyao vya sauti, na kila mwongozaji huhojiwa mara mia. Wingi huo haukanushwi. Linaloulizwa ni mahali. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa katika karne ya kumi na tisa na Mwalimu Sikujua, akimsaidia W. E. Taylor, na maelezo ya tukio na ya neno yakaandikwa pamoja na mashairi. Hichens aliyatoa mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akachapisha Nairobi uchunguzi wake uliomweka mshairi huyo ndani ya siasa za Mombasa ya wakati wake. Lau Sikujua angetoa maelezo yake katika barazani tu, akawaachia wengine mashairi yaliyo uchi, ni kiasi gani cha mafumbo ya Muyaka kingesomeka leo? Maelezo yaliyotenganishwa na matini hayafi siku hiyo hiyo. Huishi kwa muda katika vichwa vya waliokuwapo. Kisha mwenye kuyatafuta hulazimika kujua kwanza kwamba yapo, na asiyejua kwamba yapo ndiye aliyeyahitaji zaidi.

Fauka ya hayo, mahojiano ya intaneti si sherehe kwa maana inayozungumziwa. Hayafungwi na picha. Dobbs hawezi kumwonyesha msikilizaji wa kipindi cha sauti ni tukio lipi lililokatwa na limekatwa wapi. Na toleo la dakika 94 la Brazil haliwezi kuwa “kwingine” kwa maana yoyote ya maana, kwa sababu mwenye haki ya filamu hiyo ndiye mwenye haki ya kuamua kama litaonekana. Palipokuwa na diski, mtu aliyeinunua alikuwa na nakala isiyoweza kubadilishwa kutoka mbali. Palipo na ruhusa ya mwezi, liko toleo moja tu, lile linalotolewa leo. Kesho likibadilishwa hapatakuwa na la kulinganisha nalo. Wanaofanya kazi na fasihi simulizi wataona kinaya hapa: filamu, sanaa iliyosifiwa kwa kudumisha kila kitu, imeanza kuwa na hali ya masimulizi yasiyo na mswada, isipokuwa kwamba msimulizi ni mmoja na hadhira haina haki ya kusimulia upya.

Wala nyongeza za zamani hazihami zote pamoja na filamu zake. Kila filamu inapohamia umbo jipya, haki za sherehe hubaki na aliyezitengeneza. Matoleo ya LaserDisc ya filamu tatu za kwanza za James Bond, yaliyotolewa na Criterion mwaka 1991, yaliondolewa sokoni kwa sababu wenye filamu hawakupendezwa na yaliyosemwa katika sauti ya pili. Matoleo yaliyofuata yana wafafanuzi wengine, wenye adabu zaidi. King Kong yenyewe ilitolewa katika DVD mwaka 2005 na kampuni iliyokuwa sasa na haki zake, ikiwa na sherehe mpya ya Ray Harryhausen na Ken Ralston, mafundi wawili wa filamu za hila. Ni sherehe nzuri. Ile ya Haver, iliyoanzisha fani nzima, haikuwamo. Haver alikuwa amefariki mwaka 1993. Anayetaka kuisikia jinsi ilivyotolewa yampasa kuitafuta LaserDisc ya mwaka 1984, na mashine ya kuichezea, ambayo kampuni ya Pioneer iliacha kuitengeneza mwaka 2009.